Mchawi wa Bashiru

Habari za kifo changu zilinifikia nikiwa nimekaa juu ya debe lililopinduliwa, nashona mdomo wa gunia la mchele. Aliyezileta ni mwanangu wa pekee, Krispini, aliyesafiri siku mbili kutoka Dar es Salaam mpaka Mpanda kuja kuuliza nimezikwa wapi. Mkishangaa nitawaelewa, hata mimi nilishangaa. Ngojeni nianze na huyo aliyenizika.

Anaitwa Bashiru. Ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi baiskeli, na umri wake ni miaka sitini na tisa. Mwaka juzi pia ulikuwa sitini na tisa. Anafanyia kazi zake kwenye kibaraza cha mashine ya kukoboa mpunga hapa mtaani Nsemulwa, hatua tano kutoka ninapokaa mimi. Mimi ni Mfipa. Jina langu ni Scolastica, ila mashineni wananiita Bibi Skola, na kazi yangu ni magunia. Mchele ukishapimwa na kujazwa, mimi naufunga mdomo wa gunia kwa shazia, ile sindano nene ndefu, na magunia yaliyotobolewa na panya nayawekea viraka. Nina miaka sabini na mbili. Ya kwangu huwa inaongezeka.

Sikuzaliwa na magunia. Nilizaa watoto watano, nikazika wanne, na baba yao Stanslaus akawafuata. Tulikuwa tunaishi Kapalamsenga, kando ya Ziwa Tanganyika, tunalima na kukausha migebuka, samaki wa ziwa lile. Mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yalianza kwa kuingia jikoni taratibu kama jirani anayeomba chumvi, na kabla ya Pasaka yalikuwa yameshalala kitandani kwangu. Krispini akanichukua kwenda Dar. Mkwe wangu ni mtu mwema, na sisemi hivyo kwa kumwogopa, ni mwema kweli. Alinipa chumba chenye feni. Sikuruhusiwa kuosha hata kikombe. Asubuhi wote walikuwa wanatoka, geti linafungwa, mimi naachiwa televisheni na binti wa kazi ambaye naye alikuwa ameambiwa asinisumbue. Nilipumzishwa mpaka nikaanza kuumwa. Mwezi wa nne wa kukaa kwao nikaomba kurudi, na kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa imeshahamiwa na samaki, nikaishia Mpanda mjini, kwenye chumba kimoja cha kupanga, sina ninayemjua zaidi ya Bikira Maria wa kanisani.

Siku niliyokwenda mashineni kuulizia kazi nilikuwa sijacheka miezi saba. Nilisimama mlangoni nikaongea maneno machache tu, lafudhi ikanitaja. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema kwa sauti ya kutosha watu wote:

"Nani kamleta Mfipa hapa? Mvua ikianza, radi itamtafuta nani?"

Nikageuka, nikaona mzee mfupi ana kofia ya kufuma na mikono imejaa grisi. Nikamwambia, "Na wewe Mnyamwezi, si utue mzigo upumzike? Safari ya Bagamoyo imekwisha, wapagazi wenzako walirudi zamani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia. Nilicheka kama mtu anayetapika, nikaogopa sitaweza kuacha.

Kwa asiyejua: Wafipa na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Sisi tunasingiziwa kutuma radi, wao babu zao walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako, kukuchukulia kuku na kumla ukimwangalia, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa. Lakini huyohuyo, siku una msiba, ndiye anayeingia kwanza. Yeye ndiye anayefagia uwanja, anayechota maji, anayewachekesha wafiwa mpaka wakubali kula. Ndugu wa damu anaweza kukosa nauli. Mtani hana udhuru.

Kwa hiyo nilipata kazi na mtani siku moja. Bashiru alichukua jogoo wangu wa kwanza wiki ya pili tu, akaja kunikaribisha nikale mchuzi wake. Nilipougua malaria akasimama nje ya mlango wangu anatangazia mtaa mzima kwamba amekuja kuangalia kama nimekufa arithi masufuria. Mkewe, Zuleha, alikuwa ameshaingia ndani muda huo ananiogesha. Na sufuria kweli Bashiru aliondoka nayo. Ikarudi jioni imejaa uji wa ulezi.

Kuna neno moja nataka mlisikie vizuri, kwa sababu ndilo lililoleta mambo yote. Bashiru ananiita mchawi. Ananiita hivyo asubuhi badala ya kunisalimia. Huku kwetu hilo si neno la kuchezea, nyie wenyewe mnajua. Kuna vikongwe wameuawa kwa sababu ya neno hilo na macho mekundu, na mimi macho yangu ni mekundu kweli, kwa moshi wa kukaushia samaki miaka arobaini na sasa vumbi la pumba. Mwaka wangu wa kwanza mteja mmoja alikuja mashineni amekasirika. Mtoto wake alikuwa anaumwa, na mpunga wake umetoka chenga tupu. Akanitazama, akamnong'oneza mwenzake neno hilo, lakini yeye hakuwa anatania. Watu wawili watatu wakageuka kuniangalia. Bashiru akaweka spana chini.

"Huyu ni mchawi wangu mimi," akamwambia. "Wewe umemtoa wapi? Nenda katafute wa kwenu."

Watu wakaangua kicheko, na yule mteja akabaki anatabasamu bila kupenda. Neno likafia palepale. Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakifanya kila asubuhi. Alikuwa analichakaza. Alikuwa amelitumia sana mpaka halikubaki na makali ya mtu mwingine kulitumia.

Sasa turudi kwenye kifo changu.

Krispini hunipigia simu kila Jumamosi. Simu yangu ni ya tochi, na betri yake imevimba, haikai na chaji. Inafanya kazi ikiwa tu imechomekwa ukutani, kwenye kiofisi cha mashine, karibu na Bashiru. Jumamosi hiyo ilipolia nilikuwa nyuma, kelele za mashine ya dizeli zimenijaa masikioni. Bashiru akaona jina la Krispini, akapokea. Kwa hesabu zake, mtoto wa Mfipa naye ni Mfipa, yaani mtani. Akamwambia: "Yule mchawi wenu alikuwa anatusumbua, tumeshamzika. Nyumba yake nimefunga, kuku zake nimekula. Njoo uchukue ungo."

Hapo umeme ukakatika, na simu ikakatika nayo. Bashiru alikuwa bado anasubiri kutukanwa. Akaona kijana amekosa la kujibu, akarudi kwenye tairi lake, na kwa kuwa kwake hilo halikuwa jambo la kuhadithia, hakunihadithia. Transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua. Tulikaa siku tatu bila umeme, simu yangu imelala kama jiwe.

Mwanangu alinipigia usiku kucha, haipatikani. Alfajiri akapanda basi.

Jumatatu alasiri alifika chumbani kwangu akakuta kufuli, kwa sababu mimi nilikuwa kazini. Akakumbuka aliambiwa kwenye simu kwamba nyumba imefungwa. Akakimbilia kwa mtendaji wa mtaa, Mwanaiddi, dada mmoja mpole, akamwambia mama yake ameuawa kwa kusingiziwa uchawi na muuaji mwenyewe amekiri kwenye simu. Mwanaiddi akasimama, maana kesi kama hizo hazisubiri. Akauliza marehemu ni nani. Alipotajiwa jina akasema, "Bibi Skola? Mbona nimempita sasa hivi anagombana na Mzee Bashiru?"

Ndivyo walivyonikuta. Niliinua macho nikamwona mtoto wangu, vumbi la safari mpaka kwenye kope, anaangalia shazia mkononi mwangu kana kwamba hajawahi kuona sindano. Akapiga magoti kwenye pumba. Akanishika miguu yote miwili. Sikuelewa kitu. Nilidhani mkwe amefariki.

Mwanaiddi alipoeleza, mashine nzima ilikaribia kulia kwa kucheka, ila Krispini hakucheka. Alinyanyuka, akamshika Bashiru shati kifuani. Ana miaka arobaini na mmoja, mwili anao. Bashiru hakujitoa. Alinitazama mimi juu ya bega la mwanangu, uso wake umepoteza rangi, akauliza taratibu:

"Skola, hukumfundisha?"

Sikuwa nimemfundisha. Nilimpeleka shule ya bweni ana miaka kumi na miwili, akatoka huko akaenda Dar, na utani anaoujua yeye ni wa timu za mpira. Nilimlipia kila kitu cha kusomea nikasahau kumwambia yeye ni nani na watani wake ni akina nani. Nilimbandua vidole kimoja kimoja kwenye shati la mtu, naona aibu.

Jioni Krispini aliniambia yaliyokuwa moyoni mwake. "Mama, ndani ya basi nilikuwa nawaza jambo moja tu. Kwamba sina namba ya mtu mwingine yeyote hapa Mpanda. Kama ni kweli, ningemuuliza nani?" Kisha akasema ananichukua. Hakuwa anaomba. Aliniuliza macho yangu yataona shazia mpaka lini, na nikianguka bafuni nani atajua. Akasema hatakaa tena Dar akisikia haipatikani.

Ningekuwa mama mkaidi ningekataa. Lakini nilimwangalia viatu. Alikuwa amesafiri kutoka Dar na viatu viwili visivyofanana, kimoja cheusi kimoja cha kahawia, kwa jinsi alivyotoka. Nikasema sawa. Akakata tiketi mbili za Ijumaa.

Nilitaka sana kubaki, msinielewe vibaya. Nilipokuwa napakia vitu, na vyenyewe vilijaa mfuko mmoja tu, nilikuwa nawaza feni ile na geti lile. Lakini mtoto aliyebaki mmoja ana haki ya kuogopa. Mimi nilishawahi kuogopa mara nne na kila mara nilikuwa sahihi.

Jumanne asubuhi nikaenda mashineni kuaga. Niliingia nimejiandaa kutukanwa. Bashiru alisimama, akavua kofia, akafuta mkono kwenye suruali.

"Shikamoo, Mama Krispini," akasema. "Nimesikia unasafiri. Mungu akujalie safari njema."

Sijawahi kupigwa pigo kama hilo. Ningempa kuku kumi anitukane mara moja. Mtani akianza kukuheshimu maana yake umeshatoka mikononi mwake, hana tena la kufanya nawe. Nikajaribu kumchokoza, nikamuuliza mpagazi gani anavua kofia bila kutua mzigo. Akatabasamu kwa adabu, akarudi kwenye baiskeli. Nilitembea kurudi chumbani najisikia marehemu kuliko siku zote, na safari hii hakuna aliyekosea.

Jumatano akanisalimia hivyohivyo.

Alhamisi alfajiri Zuleha alimtuma jirani kuniita. Mzee Yunusi, kaka mkubwa wa Bashiru, alikuwa amefariki. Aliishi nao nyumba moja, mgonjwa wa kifua wa miaka mingi, mtu wa maneno machache, na karibu yote yalikuwa ya kulalamika kwamba chai imepoa. Ungeweza kumpa chai inayotokota akakwambia imepoa. Kwa Bashiru alikuwa ndiye baba, ndiye aliyemlea huko Tabora na kumleta Mpanda kwa treni akiwa kijana.

Nilijifunga kanga kiunoni. Krispini akanikumbusha, kwa upole, kwamba basi ni kesho alfajiri.

"Nina msiba," nikamwambia. "Mtani wangu amefiwa. Basi likinitaka lingoje matanga yaishe."

Nilidhani atabisha. Akauliza kama na yeye anatakiwa kwenda. Nikamwambia yeye ni Mfipa, atakachotakiwa ataambiwa huko, na avae viatu vya aina moja.

Hatukuwa tumefika hata uwanjani wanaume wa Kinyamwezi walipomdaka. Walimuuliza kama Wafipa wa Dar nao huja msibani kukaa kwenye viti kama wageni wa serikali. Wakampa shoka. Alinitazama, nikageuza uso. Akaanza kupasua kuni kama mtu anayesaini hati kwa mkono wa kushoto, vijana wanamcheka, ila hakuacha. Baadaye nikamwona na madumu ya maji. Mimi nilikuwa nafagia, nasugua masufuria, nawakimbiza wanawake wa Kinyamwezi jikoni kwao nikiwaambia waliomwua Yunusi ni wao, kwa chai yao. Walilia na kucheka, ndivyo inavyotakiwa.

Mazishi yakafanyika baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume waliporudi kutoka makaburini Bashiru akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na hapo akabaki. Zuleha akanivuta pembeni. Akaniambia tangu alfajiri hajagusa hata maji, hajatoa chozi, hajaongea, na watu wamembembeleza wamechoka. Akaniuliza kama nitaweza. Nikamjibu sijui. Nilikuwa naogopa kweli. Siku mbili nzima yule mtu alikuwa ananiita Mama Krispini. Sikujua kama bado ninayo ruhusa.

Niliingia chumbani kwa marehemu. Nikachukua koti lake la bluu, nikalivaa juu ya gauni. Nikachukua kigoda chake na bakora. Nikatoka nje upande wa wanaume, nimeinama kama alivyokuwa anainama, nakohoa kikohozi chake kile cha mara tatu. Nikatembea pole pole mpaka mbele ya Bashiru, nikaweka kigoda, nikakaa. Mbele yake kulikuwa na kikombe ambacho hakukigusa. Nikakichukua, nikaonja, nikakitazama muda mrefu.

"Bashiru," nikasema kwa sauti ya kaka yake. "Hii chai imepoa."

Nikakohoa tena mara tatu.

"Nimefika huko nikawaambia na ya kwao imepoa. Wamenirudisha."

Kwanza mabega yake yakatikisika. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akapasuka, na uwanja mzima ukafuata. Bashiru akacheka mdomo wazi, bila sauti, na katikati ya kicheko hicho kilio kikatoka, kikubwa, cha mtoto mdogo, kile alichokuwa amekibana tangu alfajiri. Nikamwacha alie. Nilikaa kwenye kigoda cha marehemu na koti la marehemu, nimeshika kikombe, nangoja. Alipomaliza alijifuta na kofia yake.

"Mchawi mkubwa wewe," akasema. "Vua koti la kaka yangu."

Sijui niwaambieje nilivyofurahi. Nilimwambia silivui mpaka ale. Zuleha akaleta wali na maharage, akala, kwanza tonge dogo, kisha akaulizia nyama iko wapi na kama Mfipa ameshaiba. Nilipogeuka nikamwona Krispini amesimama karibu na rundo la kuni, shoka limening'inia mkononi, machozi yanamtiririka na hayafuti. Kwa miaka yote alinijua kama mtu wa kutumiwa dawa na kuulizwa kama nimekula. Sidhani kama aliwahi kuniona nikifanya kazi ambayo mtu mwingine hawezi kuifanya.

Basi la Ijumaa liliondoka bila sisi. Yeye mwenyewe alikwenda stendi kubadilisha tiketi ziwe za Jumapili. Mbili, sikuuliza.

Jumamosi, wakati tunafunga matanga, nilikuwa nasuuza masufuria, na Bashiru anafungua maturubai na mwanangu. Krispini alisimama ameshika kamba. Nilisikia akimwita mzee, kwa heshima, na kisha swali lenyewe likatoka bila mapambo.

"Na siku yake ikifika kweli, mimi nikiwa mbali?"

Bashiru akaacha kukunja. Sikumbuki kama nimewahi kumwona hana utani usoni, ukiacha zile siku mbili mbaya.

"Utakuta nimeshafika," akamwambia. "Na wewe nitakutukana mpaka ule."

Walikunja turubai lile mpaka likawa dogo sana. Jioni Krispini alikwenda mwenyewe kwa Mwanaiddi akachukua namba yake, akachukua ya Zuleha, ya paroko, ya mwenye mashine, na ya fundi cherehani wa jirani ambaye hata mimi sikuwa namfahamu vizuri. Akaninunulia simu yenye betri nzima. Akaniomba niende kupima macho, nikakubali, na nimeshakwenda, wamenipa dawa ya matone. Akaniomba nikae Dar mwezi mmoja kila mwaka baada ya msimu wa mpunga, niwaone wajukuu. Na hilo nikakubali, kwa sharti kwamba nitaosha vikombe. Kuhusu kubaki hakusema lolote, alisema tu kwamba stendi wamekataa kurudisha pesa ya tiketi yangu.

Kwa hiyo Jumapili alfajiri kwenye kiti changu tulikalisha gunia la mchele wa Mpimbwe kwa ajili ya mkwe, nimelishona mwenyewe kwa uzi wa mikunjo miwili. Kondakta akagombana nasi kwamba mzigo ni wa buti. Bashiru akamwambia huyo si mzigo, ni bibi wa Kifipa, hana kelele na ana adabu kuliko yule aliyesimama chini. Halafu akapanda kabisa, akamfunga bibi huyo mkanda. Krispini alinikumbatia muda mrefu. Nilimwambia ahsante. Sikumwambia ya nini, zilikuwa nyingi: kwa kuja, kwa viatu vile, kwa kupasua kuni vibaya mbele za watu, kwa kuniacha.

Basi lilipopotea barabarani nililia kidogo. Nimezika wengi, najua tofauti ya machozi, na haya yalikuwa mepesi. Siku hizi nikiamka sianzi kuomba kitu. Nina chumba kimoja kisichovuja, nina mtoto mmoja anayepumua, nina mtu wa kunitukana asubuhi. Namtajia Mungu hivyo vitatu na huwa naona vinatosha kupiga magoti muda mrefu.

Tukarudi kwa miguu, Zuleha katikati yetu, Bashiru anatembea taratibu kwa kuwa msiba bado ulikuwa miguuni mwake, nasi hatukumharakisha. Tulipokaribia mashine tukaona malori mawili ya mpunga kutoka Kasansa yanashusha, na mtu amesimama mlangoni anaita jina langu, anauliza nimekwenda wapi, magunia yanamwagika.

Nikakaza kanga, nikaongeza mwendo.